Jiwe Letu la Msiro katika Jumba la Gavana

Saa kumi na dakika ishirini na tano alasiri, siku ya Jumatano, dada yangu Mwanasha aliingia kibandani kwangu sokoni Mocímboa da Praia, ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi. Akaiweka juu ya cherehani niliyokuwa nimeifungua.

"Issa, tazama."

Nikatazama. Palikuwa na picha ya jiwe bapa juu ya meza nyeupe, ndefu na nyembamba, taa ikilimulika kutoka juu.

"Hili ni jiwe la mama," alisema.

"Mawe yanafanana, dada."

"Watoto wako nao wanafanana. Mbona huwakosei?"

Nikavaa miwani. Pembe moja ilikuwa imemeguka, na shimo la katikati lilikuwa limeinama upande mmoja, kwa sababu mama alisaga kwa mkono wa kushoto maisha yake yote. Lilikuwa ni lenyewe.

Tangu niliporudi nimeulizwa msikitini, kwenye foleni ya maji, na kwa simu kutoka Mtwara, kwa nini fundi wa mizani alifunga kibanda wiki nzima ya mavuno ya korosho. Nimechoka kusimulia vipandevipande. Nimeyaandika yote hapa mara moja, ila habari za nauli na vibali nimeziruka, maana hizo kila mtu anazijua.

Kwa rafiki zangu wa mbali nieleze jambo moja. Msiro ni mti. Kipande chake husuguliwa juu ya jiwe kwa maji kidogo mpaka kitoe uji mweupe, nao wanawake wa pwani yetu huupaka usoni. Bibi harusi hupakwa mwili mzima, siku kadhaa kabla ya nikaha. Nyumba nyingine hutumia jiwe lolote. Nyumba yetu hutumia hilo moja, tangu kwa bibi yake mama. Tulipoukimbia mji wakati wa vita, mama aliacha sufuria zote akabeba jiwe. Tukaishi Ibo, kisiwani, nyumbani kwa mwanamke aitwaye Bi Awa, na huko ndiko mama alikofariki. Siku ya kurudi nahodha alisema boti limejaa, tuchague: abaki abiria mmoja au libaki jiwe. Mwanasha akaliacha kwa Bi Awa.

Sasa binti yake, Rehema, alikuwa anaolewa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Harusi hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya hali ya njia, na jamaa wa bwana harusi, watu wa Palma, walikuwa wameleta ujumbe kwa adabu kwamba ya tatu wataihesabu kuwa ni kukataliwa. Na dada yangu alikuwa ameapa mbele ya majirani kwamba Rehema hatapakwa msiro wa jiwe la watu.

Picha ilitoka wapi? Rehema aliiona kwenye simu ya shoga yake. Jumba la gavana wa zamani pale Ibo limefanywa kituo cha sanaa za kisasa, na jiwe letu lilikuwa humo, linaonyeshwa.

"Funga kibanda," alisema Mwanasha.

Nakiri kwamba sikubishana sana. Jumba hilo nilikuwa nikilitazama kwa nje miaka yote tuliyoishi kisiwani, likiwa gofu lenye popo, na nilitamani kujua wamelitengeneza vipi.

Mocímboa hadi Diaca

Barabara ya Macomia ilikuwa imefungwa wiki hiyo, kwa hiyo ilibidi tupite juu, kwa Mueda na Montepuez, tuteremke Pemba. Ni kuzunguka kama mtu anayeingia nyumbani kwake kwa kupitia paa. Tulipata nafasi mbele katika lori la kreti tupu za soda. Dereva aliitwa Paulino, Mmakonde wa Mueda, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya, maana kweli alikuwa mwimbaji kanisani kwao.

Mwanasha alipanda na mto wa kulalia, kipande cha kamba na gunia jipya.

"Mama, mto wa nini?" Paulino aliuliza.

"Wa kukalia. Viti vyenu vina misumari."

"Nyinyi watu wa pwani hata vitani mngekwenda na godoro."

"Na nyinyi watu wa juu mngefika mmechoka, mkalala juu ya letu."

Basi wakawa marafiki. Kutoka hapo mpaka Diaca sikupata nafasi ya kusema neno.

Diaca tulipaswa kupita tu. Lakini Paulino alisimamisha lori kando ya shamba la mihogo, akashuka, akavua kofia, akaenda kukaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ameipa nyumba mgongo. Akakaa hivyo. Nilidhani anaumwa.

"Kwa mama mkwe wangu," alinong'ona nilipomfuata. "Siwezi kupita bila kumsalimu, na siwezi kumtazama. Akijua niko hapa atapika. Nikiondoka kabla ya kula, mke wangu atasikia kabla sijafika Mueda."

"Anajua kuwa uko hapa?"

"Sikiliza."

Nyuma ya nyumba mtu alikuwa anatwanga kisamvu. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Mwenye kupika kisamvu anajua maana yake: kutwanga, kuchemsha, kukuna nazi, kuchuja, kungoja. Mwanasha alitazama jua, akakunja kanga, akaenda nyuma kushika mchi wa pili. Tukawasikia wakitwanga kwa kupokezana na kucheka. Kicheko kimoja kilikuwa kirefu, na Paulino akainama zaidi juu ya kinu.

"Wananisema mimi," alisema.

Chakula kilipokuja kilikuwa sima ya muhogo na kisamvu chenye karanga, na nasema bila kutia chumvi kwamba sijala kisamvu kizuri zaidi. Tuliondoka jua limeanza kulala. Mwanasha hakutaka kusema walichekea nini. Alisema tu, "Paulino, kumbe uliimba siku ya posa yako," naye Paulino akaongeza mwendo.

Diaca hadi Montepuez

Mueda tulilala kwa jamaa wa Paulino. Kutoka hapo njia ni vumbi jekundu na mashimo. Kreti zetu ziliimba njia nzima.

Mahali pa ukaguzi, kabla ya kufika Montepuez, askari kijana alituamuru tushuke. Alikuwa mtu wa kusini, hajui lugha yetu hata moja. Mimi Kireno changu nimejifunza peke yangu, kwa vitabu vya maelekezo ya cherehani na mizani. Najua vizuri kusema kaza, legeza, paka mafuta, usizidishe uzito. Mambo mengine nayatafuta njiani.

Askari alifungua gunia letu, akaona halina kitu.

"Mnakwenda kuchukua nini?"

Kabla sijapanga maneno, Mwanasha, ambaye Kireno chake ni cha sokoni lakini hakina woga, alijibu, "Jiwe."

Kijana akatutazama upya. Wilaya ile, kama mjuavyo, watu wanachimba vito vyekundu, na wanaokwenda huko na magunia matupu hawaaminiki. Akamwita mkubwa wake.

"Jiwe la aina gani?" aliuliza mkubwa.

"La mama yetu," alisema Mwanasha.

"Lina thamani gani?"

"Halinunuliki."

Nikaona nieleze. Nikasema ni jiwe la kilo nane hivi. Wale wawili wakatazamana. Nikaona nimeharibu. Nikasema halina rangi, liko Ibo, ndani ya jumba la gavana, juu ya meza, na wanalimulika kwa taa. Kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilitutia hatiani zaidi. Paulino alikuwa ameegemea gurudumu, anafuta machozi kwa kucheka, wala hakusaidia.

Aliyetuokoa ni Mwanasha. Alifungua mkoba, akatoa kipande cha mti wa msiro, akamshika yule mkubwa mkono, akamsugulia mti mgongoni mwa kiganja kama jiwe liko pale. "Hivi," akasema. "Kwa harusi." Yule mkubwa akacheka ghafla. Mke wake, alisema, ni mtu wa Nacala, anajipaka huo kila Jumamosi, na yeye anafukuzwa chumbani mpaka ukauke. Tukaruhusiwa.

Katika nyumba ya wageni ya Montepuez, mwenye nyumba alitupa ufunguo mmoja.

"Vyumba viwili," nilisema.

Akatutazama kwa huruma. "Mmegombana na mkeo?"

"Mke?" Mwanasha alisema. "Huyu nimembeba mgongoni. Alikuwa mzito, na alikuwa analia mvua ikinyesha, mvua isiponyesha."

Mwenye nyumba akaleta ufunguo wa pili na, bila kuombwa, sahani ya mihogo ya kukaanga. Alisema ni kwa ajili ya yule aliyebeba.

Pemba hadi kisiwani

Paulino alituacha Pemba, akatuombea safari njema kwa wimbo mzima wa kanisani, beti zote, katikati ya kituo. Tulikula mkate wa bajia kwa pilipili, tukapanda shapa, yaani gari dogo la abiria, mpaka ufukwe wa Quissanga ambako maboti ya Ibo hungojea.

Nasema hungojea, lakini ni sisi tuliongoja. Maji yalikuwa yametoka, na mbele yetu palikuwa na matope na mikoko tu, boti limelala ubavu. Mwenye boti alitueleza kwamba maji yatarudi yatakapopenda. Nilikuwa nimeandika nyakati za maji kutoka kwenye kalenda ya msikiti, nikamwonyesha kwamba yanapaswa kurudi adhuhuri. Akazisoma kwa heshima, akanirudishia.

"Kalenda hii ni nzuri. Ila bahari haijaisoma."

Yakarudi alasiri. Kalenda yangu, niligundua baadaye, ilikuwa ya mwaka uliopita. Wakati wa kungoja tulinunua kaa wa kuchemsha kwa mwanamke mmoja aliyetuonyesha jinsi ya kuvunja gando kwa jiwe bila kupoteza nyama, na Mwanasha akakalia mto wake juu ya matope makavu kama malkia. Abiria wengine walianza kumwomba zamu. Alikuwa anawapa, mmoja mmoja, kwa muda anaoupima mwenyewe.

Tulipofika Ibo ilikuwa jioni. Jirani wa Bi Awa alitwambia kwamba mwenyewe amekwenda Matemo, kisiwa cha pili, kumtazama dada yake mgonjwa, atarudi keshokutwa. Akatupa chumba na kahawa ya kisiwani, ile wanayoikaanga wenyewe, nyeusi, chungu kidogo, na mandazi ya iliki. Rehema alipiga simu kuuliza kama tumelipata. Mwanasha akamwambia, "Limepatikana. Bado kuchukuliwa tu." Kisha akaniangalia nisicheke.

Ndani ya jumba

Asubuhi tukaenda. Jumba limetengenezwa vizuri, kwa macho ya fundi. Kuta ni zilezile nene za mawe ya matumbawe na chokaa, wala hawakuzipaka saruji, na hilo ni jambo la akili, maana saruji hunyima ukuta pumzi. Nguzo za baraza zimepakwa chokaa nyeupe. Paa ni la bati jipya, limeinuliwa kidogo ili upepo upite chini yake. Mahali ambapo sakafu ya mbao ililiwa na mchwa wameweka mbao mpya bila kuzipaka rangi za kuzizeesha, kwa hiyo unaona waziwazi zipi za zamani na zipi za jana.

Mwanasha hakuona lolote katika hayo kwa sababu alikuwa bado mlangoni. Alipiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili, na ya tatu.

"Dada, ni mahali pa watu wote. Unaingia tu."

"Nyumba ina mwenyewe. Nisipokaribishwa nakwenda zangu, na hiyo ndiyo sheria ya hodi ya tatu."

Mfagiaji ndiye aliyetuokoa. Alitokea na ufagio wa chelewa, akasema "Karibuni," na Mwanasha akavua ndara, akaziweka mlangoni, akaingia. Mlinzi akamwambia azivae. Akamjibu kwamba hatakanyaga sakafu ya watu na viatu vya Quissanga. Basi nami nikavua vyangu.

Vyumba vya chini vilikuwa na kazi za vijana wa sehemu mbalimbali za nchi yetu. Palikuwa na pazia refu lililoshonwa kwa magunia ya mchele wa msaada, na mshono wake, niliukagua, ulikuwa wa mkono na wa uhakika. Palikuwa na ukuta ambao juu yake ilirushwa picha inayotembea ya mikono ya mwanamke akichambua dagaa, bila sauti. Nilisimama muda mrefu mbele ya kazi moja: mlango mzima, wa mbao, na fremu yake na komeo, umesimama katikati ya chumba bila ukuta wowote. Unaweza kuuzunguka. Nilijaribu kufikiri fundi wake alikusudia nini.

Mwanasha aliutazama kidogo tu. "Mlango bila nyumba," alisema. "Huu tuliurudia wengi." Akapita.

Juu, katika chumba kilichokuwa cha kulala cha gavana, ndimo yalimokuwa mawe. Yalikuwa saba, kila moja juu ya meza yake nyeupe, na kila moja lina kipande cha msiro juu yake na bakuli dogo la maji pembeni. La mama lilikuwa karibu na dirisha. Chini yake palikuwa na kikaratasi: limeazimwa kwa Bi Awa, wa Ibo.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana hapa ndipo mnapouliza wote. Kwetu, mgeni mwanamke akiingia nyumbani akakuta jiwe limetengwa, na mti na maji, haulizi. Amekaribishwa. Anakaa, anasaga, anajipaka, ndipo mazungumzo yanaanza. Kutokaa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba hutaki cha kwake. Mwanasha alisema "Ahsanteni" kwa chumba kizima, akalinyanyua jiwe kutoka mezani, akaketi nalo sakafuni juu ya kanga yake, akanyunyiza maji, akaanza kusaga.

Mlinzi alikuja mbio. "Mama, haviguswi. Haviguswi."

"Kwa nini? Msiro mmeuweka wa mapambo?"

"Ndiyo," alisema mlinzi.

Mwanasha akaacha kusaga kwa mshangao. Akaja msichana mrefu, nywele fupi, suruali yenye madoa ya rangi. Ndiye aliyeifanya kazi ile. Aliitwa Célia, mtu wa Nampula, anasema Kireno na Kimakua, na Kiswahili cha kuombea nauli. Nikaanza kutafsiri kwa lugha yangu ya mashine.

Célia alieleza kwamba kazi yake inaitwa Kimya. Mawe haya yote ni ya wanawake waliokimbia makwao. Aliyaweka bila mtu kuyagusa ili watu wafikirie sauti ambayo haipo.

"Mwambie sauti ipo," alisema Mwanasha. "Angetuita tu tusage."

"Anauliza," nilitafsiri kwa upande wa pili, "kwa nini ulikaa."

"Ameweka mti, ameweka maji, halafu anashangaa mtu akikaa?"

Célia alisema maji yalikuwa ya kurudisha mwanga wa taa ukutani.

Nilitafsiri hivyohivyo. "Maji ya mwanga."

"Maji ya mwanga ndiyo nini?"

Mfagiaji, ambaye alikuwa ametufuata na ufagio wake, akasema kwa upole kwamba yeye na wenzake wawili wa jikoni wamekuwa wakipita chumbani humo kila siku tangu maonyesho yaanze. "Tulidhani wenye nyumba ni wachoyo. Wametenga mawe saba, na hakuna anayetuambia kaeni."

Nilimtafsiria Célia. Naye akavua viatu vyake, akateremsha jiwe la pili, akaketi sakafuni mbele ya Mwanasha, akaomba aonyeshwe. Alikuwa anasugua kama anayefuta kosa kwenye daftari. "Polepole, mwanangu," alisema Mwanasha, "siyo chungu hiki." Mfagiaji akaweka ufagio. Wale wa jikoni wakaja. Mchana tuliposhuka, wanawake watano walikuwa na nyuso nyeupe, mlinzi amekaa mlangoni ameshika tama, na mimi ndimi pekee niliyemaliza kuona maonyesho.

Lakini jiwe hatukulipata. Célia alisema wazi, tena kwa masikitiko: kikaratasi kinasema Bi Awa, na aliyeazimisha ndiye anayerudishiwa. Kwa hilo hata Mwanasha hakuweza kumlaumu. Ingekuwa jiwe lake angetaka hivyohivyo.

Bi Awa

Alirudi kutoka Matemo siku iliyofuata, mwanamke mdogo wa umbo, amejitanda, na alitukuta barazani kwake.

"Nilikuachia ulitunze," Mwanasha alianza, kabla hata salamu hazijamalizika. "Sikukuambia ulipeleke kwa gavana."

"Gavana alikwenda kwao zamani. Nililipeleka penye bati zuri. Kwangu panavuja, wewe si unajua, ulilala chini ya hilo tundu."

"Na mpaka hapo lilikuwa linakaa tu?"

"Jiwe la kusagia nikae nalo tu? Nilivishe kanga?" Bi Awa alicheka. "Mjukuu wangu ameolewa nalo mwaka jana."

Hapo nikaelewa ugumu. Jiwe likishampaka bibi harusi wa nyumba, lina haki katika nyumba hiyo. Haliondoki peke yake kama mzigo. Likienda kwingine kwa harusi, mwanamke wa nyumba ile hulisindikiza, na yeye ndiye anayesaga wa kwanza. Hakuna anayebisha juu ya jambo hilo, hata sisi. Lakini dada yangu alikuwa ameota miaka mingi kwamba mkono wa kwanza kwa Rehema utakuwa wake. Na siku zilikuwa zinakwisha.

"Nitanunua jingine," alisema hatimaye, kwa hasira.

Bi Awa alifunga ushungi wake vizuri. "Twendeni kwanza tukamsalimu mama yenu. Mmefika tangu juzi."

Ni kweli, na mimi na dada yangu tulitazama chini. Tulikuwa tunaliogopa lile kaburi, kila mmoja kwa njia yake, na tulijificha nyuma ya jiwe. Tukaenda. Nilitegemea nyasi na miiba. Tulikuta pamepaliliwa, pembezoni pamepangwa makombe meupe, na chokaa ya karibuni kwenye jiwe la kichwani. Bi Awa ndiye aliyemwosha mama siku ile, wakati Mwanasha mwenyewe alikuwa na homa hajiwezi. Hakulitaja hilo. Alichuma majani mawili matatu yaliyoota, akayatupa mbali, akainua mikono. Tukasoma Fatiha.

Njiani kurudi Mwanasha alitangulia. Alipofika barazani akageuka.

"Bi Awa, una begi?"

"Ninalo."

"Lifunge. Boti linaondoka maji yakijaa, na Issa hajui yanajaa lini."

Tulipokwenda kulichukua jiwe, tulikuta Célia ameshateremsha yale mengine sita. Meza nyeupe zilikuwa zimesukumwa ukutani na mikeka imetandikwa sakafuni. Kikaratasi cha jina la kazi alikuwa amekibandua. Nilimuuliza ataiita nini sasa, akasema bado hajui, atawauliza wanaokaa. Akaomba jiwe lirudi siku moja. Bi Awa akamwambia kwa Kimakua kitu kilichomfanya acheke, nacho sikukipata.

Kurudi

Barabara ya Macomia ilikuwa imefunguliwa, kwa hiyo tulirudi kwa njia fupi. Nahodha alilitazama gunia na kuuliza ndani mna nini. Sote watatu tukasema, "Vyombo."

Tulifika Mocímboa Jumanne. Wazee wa kike walisema siku tatu hazitoshi kumpaka bibi harusi. Bi Awa alisema zinatosha kama mikono ni mingi. Akasaga wa kwanza, kama ilivyo haki yake. Msiro uliteleza vibaya kwa sababu ya lile shimo lililoinama, akabadili mkono, akaendelea kwa wa kushoto, maana miaka hiyo yote alikuwa amejifunza. Kisha akampa Mwanasha. Dada yangu alijaribu wa kulia, akashindwa, akajaribu wa kushoto, akawa mzito kama mtoto. Wanawake wakamcheka, naye akacheka pamoja nao, machozi yakimtoka. Rehema alikaa katikati yao, mweupe tangu unyweleni hadi vidoleni, akilalamika kwamba anawashwa puani na hakuna anayemkuna.

Ijumaa baada ya sala watu wa Palma wakaja, wote, na ngoma zao. Nikaha ikafungwa. Bi Awa bado yuko kwetu. Anasema anangojea upepo utulie, na upepo umetulia zamani.

Jumapili Mwanasha alinikuta nimekaa na kalamu, akauliza jumla ni ngapi. Nikamwambia kuwa jiwe jipya la msiro, la aina nzuri, linauzwa sokoni kwetu metikali mia tatu na hamsini. Nauli, malazi, chakula, mkate wa bajia, na wiki nzima ya kibanda kilichofungwa wakati wa korosho, ukitoa hiyo mia tatu na hamsini ambayo hatukuinunulia jiwe, hasara yetu kamili ni metikali elfu kumi na tatu, mia tisa na thelathini.